Sisi tunaosimama kichwani

Afisa wa kinga ya mionzi alinipigia simu Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kukagua mashine ya usingizi. "Sista, beji yako ya robo iliyopita uliisahau chumbani?" Nikamwambia hapana. "Haikubaki imening'inia kwenye aproni?" Hapana. Akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi zikifunuliwa, kisha akasema, "Basi leo usiondoke kabla hatujaonana."

Swali lake halikuwa la dharau. Beji ni kipimo kidogo cha mionzi tunachovaa kazini, na husomwa kila robo mwaka. Ikisomeka juu kuliko kawaida, kinachoshukiwa kwanza ni usahaulifu: mtu kavua aproni ya kukinga mionzi, kaitundika kwenye kona ya chumba cha mionzi na beji ikiwa bado imebanwa kolani, ikashinda humo siku nzima ikila mionzi isiyo ya mwenyewe. Hutokea. Mimi mwenyewe yalinipata mwaka wangu wa kwanza kazini. Lakini safari hii beji ilikuwa inasema kweli. Ile ya shingoni, inayovaliwa nje ya aproni, ilisoma karibu mara mbili ya beji ya daktari bingwa anayeshika katheta.

Mimi ni muuguzi wa usingizi, na siku zangu nyingi napita kwenye chumba tunachokiita kathilabu, upande wa watoto. Kwa asiyekijua chumba hicho: mtoto akizaliwa na tundu kati ya vyumba vya moyo, au na mshipa ambao ulipaswa kujifunga baada ya kuzaliwa ukakataa, au na vali iliyobana, siku hizi mara nyingi hapasuliwi kifua. Daktari anaingia kwa mshipa wa paja na mrija mwembamba, katheta, anausukuma taratibu hadi kwenye moyo, kisha anaweka kiziba au anatanua vali kwa puto. Moyo hauonekani kwa macho, kwa hiyo muda wote anaongozwa na eksirei inayotembea kwenye skrini. Mtu mzima unaweza kumwambia atulie. Mtoto wa miezi minne humwambii kitu, lazima alale. Ndiyo maana mimi nipo, na mahali pangu ni kichwani pake: mrija wa hewa, mashine ya kupumulia, dawa, na jicho kwenye namba za oksijeni.

Kuna jambo ambalo silitaji kwenye ripoti yoyote. Nina tabia ya kumwekea mtoto kiganja kwenye paji la uso. Amelala, hajui. Mimi ndiye ninayejua.

Jioni ile afisa alikuja na kipimo cha mkononi na galoni la plastiki la lita tano limejaa maji. Akalilaza mezani pale anapolala mtoto. "Huyu ndiye mgonjwa wetu," akasema, na kijana wa mashine ya eksirei akacheka mpaka akasahau kufunga mlango. Maji hutawanya mionzi karibu sawa na nyama ya mwili, kwa hiyo galoni hutosha kabisa kumwakilisha mtoto mdogo. Tukavaa aproni, pedali ya kuwashia mionzi ikakanyagwa, na afisa akaanza kuzunguka meza kama mtu anayetafuta sauti ya panya ukutani.

Kwanza alisimama pa daktari, nyuma ya kioo chenye risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, kinachoning'inia darini. Kipimo kilikuwa kama kimelala. Akaja kwangu, kichwani, upande wa kushoto wa meza. Namba zikaruka. Akarudi nyuma hatua moja ndefu, zikaporomoka. Akasogea tena mbele, akainama kama ninavyoinama mimi, akanyoosha mkono juu ya galoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nilikuwa nimekaa miaka sita nikidhani aliye karibu na hatari ni yule anayeshika katheta.

Sababu ni mashine yenyewe. Kwa watoto tunatumia mtambo wenye tyubu mbili za kutoa mionzi, zinazopiga picha kwa wakati mmoja, ili dawa ya kuonyesha mishipa ichomwe mara moja na daktari apate sura mbili. Mwili mdogo hauvumilii dawa nyingi. Tyubu ya kwanza iko chini ya meza, inapiga kwenda juu. Ya pili imesimama ubavuni, na kwenye chumba chetu ubavu huo ulikuwa wa kushoto, mkabala na daktari. Yaani upande wangu.

Mionzi inayotupata wafanyakazi, kwa sehemu kubwa, si ule mwale unaotoka kwenye tyubu moja kwa moja. Ni ile inayogonga mwili wa mtoto na kutawanyika. Chukua ndoo ya maji uyamwage kwa nguvu ukutani: atakayelowa zaidi ni aliyesimama upande wa anayemwaga, si aliye nyuma ya ukuta. Mwale ukiingia mwilini, unaorudi kwa nguvu ni ule unaoruka kutoka upande wa kuingilia, kwa sababu ule unaojaribu kupenya kwa sehemu kubwa unaishia humo humo ndani. Daktari alikuwa upande wa kipokea picha, bamba linalopokea mwale ukishapita mwilini, na ana kioo, na ana pazia la risasi linaloning'inia ubavuni mwa meza. Mimi nilikuwa upande wa anayemwaga ndoo, na kinga yangu ilikuwa aproni na kola ya shingo.

Tena aproni ya mbele tu. Hili aliligundua afisa, si mimi. Nikigeuka kuchukua dawa kwenye toroli, mgongo wangu unabaki wazi kumtazama mtoto, na beji iliyo shingoni kwa mbele haioni kitu. Kwa hiyo hata namba ile iliyotushtua haikuwa hesabu kamili.

Kila ninapoeleza haya kuna mtu huniambia: lakini watoto ni wadogo, mionzi yao ni kidogo. Ni kweli nusu. Mwili mwembamba unahitaji mwale hafifu, na nyama kidogo hutawanya kidogo. Dakika moja kwa dakika moja, kichanga anakutupia mionzi michache kuliko mtu mzima mnene. Ila dakika hazilingani. Mishipa ya mtoto ni kama uzi, moyo umezaliwa na ramani yake mwenyewe, na kazi ambayo kwa mtu mzima ingeisha haraka huku inaweza kula asubuhi nzima. Moyo wa kichanga unadunda mara 140 kwa dakika, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo ukitaka kuunasa vizuri unashawishika kupiga picha nyingi kwa sekunde. Halafu kuna umbali. Kwa mtu mzima, kutoka pajani hadi moyoni ni mkono mzima na zaidi, na daktari yuko huko chini. Mtoto aliyezaliwa juzi ana urefu wa sentimita 50 hivi, wote. Paja lake na moyo wake viko shubiri moja na ushee. Ukimfanyia kazi pajani uko moyoni. Ukimshika kichwani uko moyoni pia. Na ukipunguza umbali kwa nusu, mionzi haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne.

Hata dawa ya kuonyesha mishipa, kwa mtu mzima inasukumwa na mashine na watu wote wanarudi nyuma. Kwa kichanga kiasi chake ni kidogo mno, mara nyingi daktari anaisukuma kwa bomba la sindano kwa mkono wake, akiwa pale pale, wakati mtambo unarekodi. Na kurekodi siyo kuangalia: picha moja ya kurekodi hutumia mionzi kwa kiasi cha mara kumi ya picha ya kuangalia tu.

Niseme habari ya macho, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi usiku ule, mimi ninayewalaza wengine. Mionzi ikijikusanya kwenye lenzi ya jicho mwaka hadi mwaka, lenzi hufanya ukungu, kwa kawaida ukianzia upande wa nyuma. Kiswahili chetu kinauita ugonjwa huo mtoto wa jicho. Nimewahi kusikia utani mwingi kuhusu jina hilo kwenye chumba chetu, kwamba ukikaa sana na watoto wa watu unaondoka na wa kwako. Zamani iliaminika jicho ni gumu. Kikomo cha jicho la mfanyakazi kilikuwa milisiveti 150 kwa mwaka; milisiveti ndicho kizio cha kupimia mionzi inayompata mtu. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilipendekeza kishushwe hadi 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Kutoka 150 hadi 20! Walishusha kwa sababu ushahidi ulionyesha lenzi inaharibika kwa kiasi kidogo kuliko walivyofikiri, na miongoni mwa watu waliochunguzwa ni madaktari na wauguzi wa vyumba kama changu. Kwa kulinganisha, binadamu yeyote hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na hewani bila kukanyaga hospitali.

Miwani ya risasi ilikuwepo chumbani, jozi mbili. Zote za madaktari. Sikunyimwa, sikuwahi kuomba. Na nilipoazimwa moja nikagundua imetengenezwa kwa anayeangalia mbele. Mimi naangalia chini kwa mtoto na pembeni kwenye mashine, mionzi inapita kwenye uwazi wa shavuni. Miwani isiyo na ngao za pembeni kwa kazi yangu ni nusu ya kinga, tena nzito puani.

Sifichi kwamba niliogopa kupita kiasi kwa wiki kadhaa. Nilisoma habari za zamani ambazo hazikunisaidia. Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na kabla miaka kumi haijaisha alikuwa amekwisha kufa Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliyekuwa akiweka mikono yake mwenyewe mbele ya tyubu kujaribu kama inafanya kazi. Alikatwa mikono, saratani haikusikia, akafa mwaka 1904. Edison akaacha kabisa majaribio ya eksirei. Sisi hatuko huko. Aproni yenye risasi ya nusu milimita inazuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi inayotawanyika, na namba yangu, pamoja na kelele zake zote, ilikuwa chini ya kikomo. Kwa hiyo msinitumie pole. Nilichokasirikia ni kwamba ilikuwa inaepukika kwa hatua moja ya mguu na hakuna aliyewahi kuitazama sakafu upande wangu.

Tulianza na mirija. Nilikuwa nasimama pale kwa sababu mirija ya dripu ilikuwa mifupi, na ukitaka kuchoma dawa lazima uinamie mtoto. Tukaiongezea urefu, dawa zikawa zinaingilia mita moja na nusu kutoka mezani. Kwa kichanga hilo lina hesabu yake, kwa sababu mrija mrefu unabeba maji mengi ya kusukumia dawa na mwili wa kilo tatu unahesabiwa kila mililita, basi tukatafuta mirija myembamba. Mashine ya kupumulia tukaihamishia upande wa pili. Hili lilituchukua siku nzima ya mabishano kuhusu soketi za umeme. Tukapata ngao ya risasi ya magurudumu, yenye dirisha la kioo, ambayo ilikuwa imesimama korido muda mrefu watu wakitundika makoti juu yake. Mimi nikapata aproni ya kuzunguka mwili, sketi na koti, ambayo uzito wake unagawanywa kati ya kiuno na mabega. Usiku bado kiuno kinanidai, lakini mgongo hauko uchi.

Kijana wa mashine akafanya yake. Tulikuwa tunaangalia kwa mapigo 15 ya mionzi kwa sekunde. Akamwomba daktari waanze na 7.5, na wapandishe pale tu inapobidi. Mionzi haipungui kwa nusu kamili, mitambo mingi huongeza nguvu ya kila pigo kufidia, lakini inapungua sana. Akawa anabana mwale uishie kwenye moyo badala ya kuoga kifua chote na vidole vya daktari. Kwa watoto wadogo akawa anaitoa gridi, ule wavu ulio mbele ya kipokea picha, ambao kazi yake ni kusafisha picha za miili mikubwa. Kwa mwili mdogo faida yake ni ndogo na unaulazimisha mtambo kupiga kwa nguvu zaidi. Kinachompunguzia mtoto mionzi kinatupunguzia na sisi. Sijapata kuona mahali pengine ambapo maslahi ya mgonjwa na ya mfanyakazi yanaoana hivi.

Dokta wetu, mtu wa maneno machache, alileta moja kubwa kuliko yote. Alisema tuangalie kwanza ni kazi zipi zisizohitaji mionzi kabisa. Kuna watoto wanaozaliwa mishipa mikubwa ya moyo imebadilishana mahali, damu yenye oksijeni haifiki mwilini mpaka litanuliwe tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo kwa puto. Njia hiyo ilianzishwa na William Rashkind mwaka 1966, chini ya eksirei. Leo inaweza kufanyika kitandani mwa mtoto kwa mashine ya eko peke yake, inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, na sisi tukahamishia huko. Hakuna aproni. Mara ya kwanza nilijisikia mwepesi mpaka nikahisi nimesahau kitu.

Na kuna neno. Kabla ya kurekodi, dokta anasema "Narekodi," halafu anasubiri. Mimi narudi nyuma ya ngao na kujibu "Tayari." Ndipo anakanyaga. Ni sekunde tatu. Wiki za mwanzo zilimuudhi, nilimwona usoni.

Zilimlipa siku moja. Kichanga wa kilo tatu na kidogo, katheta iko ndani, oksijeni ikaanza kushuka: 88, 81, 74. Zamani ningejitupa juu ya mtoto na mionzi ikiwa inaendelea, na daktari asingejua kama niko ndani au nje ya mwale. Nikasema "Naingia." Mguu ukatoka kwenye pedali. Picha ya mwisho ikabaki imeganda kwenye skrini, katheta yake inaonekana mahali pake, hakupoteza kitu. Nikachungulia chini ya shuka: mrija wa hewa ulikuwa umejipinda kidogo mdomoni, tyubu ya ubavuni ilikuwa imeusukuma ilipozungushwa. Nikaunyoosha. 80, 87, 93. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso, nikahesabu pumzi nne, nikarudi nyuma ya ngao. "Tayari."

Kitu ambacho bado sijakimaliza ni beji zinazolala kabatini. Nawajua wenzangu, siwataji, wanaoziacha makusudi. Wengine kwa uvivu. Wengine kwa hesabu: beji ikisoma juu utaondolewa chumbani, na chumba kina posho yake na heshima yake. Kuna dada mmoja alificha ujauzito hadi mwezi wa tano kwa hofu hiyo hiyo, wakati angesema mapema kikomo cha mtoto aliye tumboni, milisiveti moja kwa kipindi kilichobaki cha mimba, kingeanza kuhesabiwa na angepewa beji ya pili ya kiunoni na mahali pa kusimama. Nilimgombeza, kisha nikajiuliza ni nani aliyemfundisha kuogopa. Beji haikukingi chochote, ni kama kipimajoto. Lakini kama yangu ingekuwa kabatini robo ile, mpaka leo ningekuwa nimesimama upande wa ndoo.

Robo iliyofuata afisa hakupiga simu. Aliniwekea karatasi kwenye kisanduku changu, namba yangu imezungushiwa wino wa bluu, chini ya moja ya tano ya ile ya kwanza. Hakuandika neno.

Wiki iliyopita tumepata muuguzi mpya wa usingizi, binti makini, mwepesi wa mikono. Siku ya pili akaniuliza kwa nini kuna utepe wa njano sakafuni kichwani mwa meza na kwa nini kila mtu anauruka. Nikaanza kumweleza mambo ya ubavu wa tyubu na mraba wa umbali, nikaona macho yake yanaitikia kwa adabu tu. Nikaacha. Nikamwambia afungue kabati lililo chini ya sinki, nyuma ya ndoo za usafi, atoe galoni lenye maandishi ya kalamu nyeusi USITUPE, alijaze maji, na mimi nikaenda kumwita kijana wa mashine.